Mlisho ndani ya ukurasa: kisa cha themu ya Twenty Eleven

WordPress 3.2, toleo la programu ya kuendeshea tovuti na blogu, ilitoka tarehe 4 Julai 2011 ikiwa na themu mpya ya kuanzia, yaani kiolezo cha mwonekano wa kurasa, iitwayo Twenty Eleven. Aliyefungua tovuti ya WordPress miezi ile, awe Arusha, Mombasa au Toronto, aliikuta themu hiyo tayari imevalishwa kurasa zake bila yeye kuichagua. Ndani ya HTML yake, lugha ya lebo inayounda kurasa za wavuti, mlikuwa na kitu ambacho mwenye tovuti hakukiona: ukurasa wenyewe ulikuwa umeandikwa kama mlisho (feed), orodha ya habari ambayo programu huisoma ili kujua kipya kilichochapishwa. Mtu akisoma, aliona makala, tarehe, jina la mwandishi na maoni ya wasomaji chini yake. Programu ikisoma, ilitarajiwa ione maingizo ya mlisho, kila moja na kichwa, mwili, mwandishi na wakati wake, bila kwenda kutafuta faili jingine la XML, umbizo la data la kusomwa na mashine.

Nimeichagua themu hii kwa sababu ndani yake yalikutana mawazo mawili ya kuweka mlisho ndani ya ukurasa, la maikrofomati (desturi ya kuzipa lebo za HTML majina yanayoeleweka na programu) na la HTML5 (toleo la tano la HTML). Yote mawili yaliletwa na watu walioijua kazi yao. Hata hivyo, ukifuata kanuni za upande wowote kati ya hizo mbili, huwezi kuipata makala pamoja na majibu yake kama yalivyo mbele ya macho ya msomaji. Mlisho ukiwekwa ndani ya ukurasa, kila kipande lazima kijulikane ni cha nani na kinahusiana vipi na kile kinachokizunguka. Twenty Eleven ilivipa vipande majina, lakini haikusema vina uhusiano gani.

Kwa nini mlisho uingie ndani

Mlisho wa kawaida hukaa nje ya ukurasa. RSS, umbizo la mlisho, ilianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999, na baada ya miaka kadhaa ya mabishano juu ya matoleo yake, umbizo jingine, Atom, likapitishwa kuwa RFC 4287 (hati ya viwango vya intaneti) mwezi Desemba 2005, wahariri wakiwa Mark Nottingham na Robert Sayre. Katika Atom mzizi ni feed, ndani yake mna entry, na kila entry lazima iwe na kitambulisho, kichwa na wakati wa kusasishwa. Mwandishi naye lazima apatikane: asipotajwa kwenye ingizo, atafutwe kwenye mlisho unaolibeba. Ukurasa wa HTML huutaja mlisho huo kwa kiungo kimoja kilichofichwa kichwani, chenye rel="alternate", kisha kila kimoja kinaishi maisha yake.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mwenye tovuti hufungua ukurasa wake kila siku. Akiona tarehe imekosewa, huirekebisha. Faili la XML halitazami. Mlisho ukianza kutoa nusu ya makala, au kuonyesha habari za mwezi uliopita, huenda asijue mpaka msomaji mmoja alalamike, na wengi hawalalamiki, huacha tu kusoma. Kundi lililoanzisha maikrofomati mwaka 2005, akiwamo Tantek Çelik, lilishikilia kwamba data inayoonekana na watu ndiyo inayotunzwa. Naliunga mkono kabisa, hasa ninapofikiria tovuti ndogo zinazoendeshwa na mtu mmoja asiye na fundi wa kumwita.

Kutokana na msimamo huo ilizaliwa hAtom, maikrofomati ya mlisho, iliyohaririwa na David Janes, toleo la 0.1 likiwa la mwaka 2006. Majina ya Atom yalichukuliwa na kugeuzwa kuwa klasi za HTML, yaani majina yanayobandikwa kwenye lebo: hfeed kwa mlisho, hentry kwa ingizo, halafu entry-title, entry-content, updated, published na author. Hakukuwa na lebo mpya wala faili jipya. Klasi hizo zilienea haraka. Violezo vya Blogger, vilivyobeba blogu nyingi za Tanzania na Kenya, vilikuwa nazo. Kurasa za Twitter za miaka ile ziliandika kila ujumbe kama hentry. WordPress nayo, kuanzia toleo la 2.7 la Desemba 2008, ilikuwa na kazi (function) iitwayo post_class, ambayo themu ikiiita hubandika neno hentry kwenye kisanduku cha makala, iwe vipande vingine vimejazwa au la.

Ukurasa wenyewe

Hivi ndivyo ukurasa wa makala moja ulivyojengwa katika Twenty Eleven ya mwanzo, ukiondoa mapambo. Makala nimeibuni kwa ajili ya mfano.

<div id="page" class="hfeed">
 <div id="content" role="main">
  <article class="post hentry">
   <h1 class="entry-title">Boti ya Mafia yabadili ratiba</h1>
   <a rel="bookmark" href="…"><time class="entry-date" datetime="…" pubdate>…</time></a>
   <span class="by-author"><span class="author vcard"><a class="url fn n" href="…">…</a></span></span>
   <div class="entry-content">…</div>
  </article>
  <div id="comments">
   <ol class="commentlist">
    <li class="comment depth-1">
     <article class="comment">
      <div class="comment-author vcard">
       <span class="fn">…</span> <time pubdate datetime="…">…</time>
      </div>
      <div class="comment-content">…</div>
     </article>
     <ul class="children">…</ul>
    </li>
   </ol>
  </div>
 </div>
</div>

Tazama mahali lebo ya article ya makala inapofungwa. Inafungwa kabla ya maoni kuanza. Kwa macho ya msomaji, maoni yako chini ya makala na ni ya makala hiyo. Katika mti wa HTML, makala na maoni ni ndugu wanaokaa bega kwa bega ndani ya #content. Karibu kila tatizo ninalolieleza hapa chini linatoka kwenye mstari huo mmoja.

Anayesoma kwa kanuni za hAtom

Kichanganuzi cha hAtom, yaani programu inayosoma klasi hizo, kinaanza vizuri. Kinakuta hfeed, ndani yake hentry moja, kinachukua kichwa na mwili. Kisha kinatafuta updated, ambayo ni lazima. Haipo. Kanuni inasema, updated ikikosekana, chukua published. Nayo haipo. Kilichopo ni entry-date, jina la kupambia ukurasa ambalo hAtom hailijui. Kwa hiyo tarehe iko pale, imeandikwa kwa mpangilio sahihi wa mashine ndani ya datetime, na bado kwa mujibu wa hAtom ingizo hili halina wakati na si halali.

Mwandishi yupo, ila ana jambo lake. Tovuti ikiwa na mwandishi mmoja tu, CSS ya themu (kanuni za mwonekano wake) humficha: kisanduku cha by-author huwekewa display: none. Mashine inaona jina ambalo binadamu halioni. Hilo linapingana na sababu yenyewe ya kuweka data ndani ya ukurasa. Jina likikosewa, nani ataligundua?

Maoni nayo hAtom haiyaoni kabisa, kwa kuwa hayana hentry. Inaona tu mfululizo wa vcard, yaani majina ya watu waliotoa maoni.

Mtu atasema: basi tuyape maoni klasi ya hentry na kuyaingiza ndani ya article ya makala. Hapo tunaingia kwenye kiini cha kisa hiki. hAtom 0.1 iliruhusu hfeed zaidi ya moja katika ukurasa, na hakuna kilichomzuia mtu kuweka hfeed ya maoni ndani ya hentry ya makala. Lakini kanuni ya mwili wa ingizo ilisema kwamba entry-content zikiwa nyingi ndani ya ingizo moja, ziunganishwe zote kwa mpangilio wa kutokea kwake. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu nzuri, maana makala ndefu inaweza kukatwa vipande na picha au tangazo. Weka maoni yenye entry-content ndani ya makala, halafu acha kichanganuzi kikusanye kila mzao mwenye jina hilo: mwili wa makala unageuka kuwa makala pamoja na maneno ya kila aliyepita kubishana chini yake. Kichwa kitanusurika kama kichanganuzi kinachukua cha kwanza. Mwandishi anaweza kuwa watu kumi. Wakati wa kusasishwa unaweza kuwa wa maoni ya mwisho.

Chanzo ni kwamba majina ya maikrofomati za kwanza yalitafutwa kwa kushuka mti wote bila kujali mpaka. Neno author lililo ndani ya maoni halikuwa na namna ya kusema "mimi ni wa huyu, si wa yule wa juu". Jamii ya maikrofomati ililiona tatizo hilo. Likatolewa pendekezo la klasi iitwayo mfo, ya kuwekwa kwenye elementi ili kichanganuzi cha nje kisipenye ndani yake. Pendekezo hilo lilimtwika mwandishi wa ukurasa mzigo wa kukumbuka ukuta kila mahali. Mimi nadhani lilikuwa bandeji. Mpaka unapaswa kutokana na muundo wenyewe, si na kumbukumbu ya mtu.

Anayesoma kwa kanuni za HTML5

Wakati uleule HTML5 ilikuwa ikiandikwa, na waandishi wake walikuwa wameukuta mpaka huo. Maelezo ya article yanasema wazi kwamba article iliyo ndani ya article nyingine inahusiana na ile ya nje, na mfano wanaoutoa ni huu huu wa maoni yaliyo ndani ya makala. Sifa ya pubdate kwenye lebo ya time ilifafanuliwa kwamba ni wakati wa kuchapishwa kwa article iliyo karibu zaidi juu yake, na kama hakuna article juu yake, basi ni ya hati nzima. Lebo ya address nayo ilipewa masharti yanayofanana: jina la mwandishi wa makala ya nje halishuki kwa article iliyo ndani. Hii ndiyo kanuni ya umiliki ambayo hAtom iliikosa. Kila kipande ni cha mzazi wake wa karibu mwenye hadhi ya kumiliki.

Rasimu zilikwenda mbali zaidi. Kwa muda zilibeba utaratibu kamili wa kugeuza ukurasa wa HTML kuwa mlisho wa Atom: chukua kila article isiyo na article nyingine juu yake, uifanye ingizo. Articles za ndani hazihesabiwi kama maingizo ya mlisho mkuu. Ni kanuni fupi, na ingetosha.

Sasa rudi kwenye Twenty Eleven. Article ya makala imefungwa kabla ya maoni. Kwa hiyo article ya kila maoni haina article juu yake. Utaratibu ule ungeichukua makala kuwa ingizo la kwanza, kisha kila maoni kuwa ingizo kamili lenye hadhi sawa na makala, mengi yakiwa hayana kichwa. Makala moja yenye maoni arobaini ingetoa mlisho wa maingizo arobaini na moja, na hakuna popote panaposema kwamba arobaini yanamjibu yule mmoja. Hata mazungumzo ya ndani yanapotea: jibu la jibu limo ndani ya ul ya children, nayo imo ndani ya li, lakini article ya maoni ya kwanza imekwisha kufungwa kabla yake. Mtu anaona ngazi za mazungumzo kwenye skrini, ila kwa lebo za article wote ni ndugu.

Inanisikitisha kwamba utaratibu huo uliondolewa, na pubdate ikaondolewa, kabla HTML5 haijawa pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 28 Oktoba 2014. Kanuni ya kutenganisha mwandishi wa nje na wa ndani ilibaki. Ni sehemu ya muundo uliokusudiwa kubeba mlisho, lakini mlisho wenyewe haupo tena.

Jinsi milisho ya XML ilivyofanya

Tovuti hiyohiyo ya WordPress, kwenye milisho yake ya Atom, haikupoteza uhusiano huu. RFC 4685 ya mwaka 2006, iliyoandikwa na James Snell, ilileta elementi ya in-reply-to: ingizo linataja kitambulisho cha ingizo linalolijibu. WordPress iliitumia katika mlisho wa maoni, na katika mlisho wa makala iliweka kiungo cha rel="replies" pamoja na hesabu ya majibu.

Linganisha njia hizo mbili. Atom haikuweka majibu ndani ya makala. Iliyaacha kwenye mlisho wake na kuyaunganisha kwa kutaja. Ukurasa wa HTML unafanya kinyume, unaeleza uhusiano kwa kuweka kitu ndani ya kitu. Njia ya kutaja inahitaji vitambulisho imara. Njia ya kuweka ndani inahitaji mipaka imara. Twenty Eleven kwenye ukurasa wake haikuwa na lolote kati ya hayo, ingawa seva ileile ilikuwa inajua vizuri nani anamjibu nani na ilikuwa inalisema hilo kwenye faili lililo mlango wa pili.

Saa, tarehe na lugha

Wakati umekuwa jeraha la muda mrefu kwenye kazi hii. Maikrofomati za kwanza ziliweka tarehe ya mashine ndani ya title ya lebo ya abbr, na programu za kuwasomea wasioona zikawa zinatamka mfuatano huo wa tarakimu. Mwezi Juni 2008 BBC iliondoa hCalendar (maikrofomati ya matukio) kwenye kurasa zake za vipindi kwa sababu hiyo. Lebo ya time yenye datetime iliponya hilo: binadamu anasoma maneno, mashine inasoma sifa.

Kwetu lebo hiyo ina thamani ya ziada. Msomaji wa Kiswahili anaandikiwa "saa 3 asubuhi", na mashine inatakiwa ipewe 09:00+03:00. Anayeandika datetime kwa mkono akinakili tarakimu anayoiona, ataweka 03:00, na mlisho utaipanga habari ya asubuhi kama ya saa 9 usiku. Hakuna kichanganuzi kitakachogundua, kwa sababu 03:00 ni wakati halali. Acha programu iizalishe datetime kutoka kwenye saa ya seva, na binadamu ashughulikie maneno tu.

Lugha pia. Tovuti ya WordPress iliyosimikwa kwa Kiingereza na kuandikwa Kiswahili hutangaza lang="en-US" kwenye html, na mlisho wa RSS unarudia tangazo hilo. Programu ya kumsomea asiyeona inaichukua "Boti ya Mafia yabadili ratiba" na kuitamka Kiingereza. Mlisho unapokaa ndani ya ukurasa, lang="sw" inaweza kuwekwa kwenye ingizo lenyewe, na maoni yaliyoandikwa kwa lugha nyingine yakapewa lang yake. Kwa tovuti za pwani na za ughaibuni, ambako makala ni ya Kiswahili na majibu yanachanganyika, hilo si dogo.

Malalamiko ya Google na dawa za haraka

Tatizo lilifika kwa wenye tovuti mwaka 2012, Google ilipoweka ripoti ya data iliyopangwa kwenye zana zake za wasimamizi wa tovuti. Watu waliokuwa hawajawahi kusikia neno hentry wakakuta orodha ndefu ya makosa: updated haipo, author haipo. Hawakuwa wameandika klasi hizo. Zilibandikwa na post_class na kuachwa bila wenzake.

Dawa iliyosambaa zaidi ilikuwa mistari michache ya kuondoa neno hentry kabisa. Ripoti ilinyamaza, na ukurasa ukaacha kuwa mlisho. Siwalaumu waliofanya hivyo, walitaka tovuti zao ziwe salama kwenye utafutaji. Themu za baadaye zilirekebisha upande wao. Twenty Fifteen, iliyokuja na WordPress 4.1 Desemba 2014, iliandika time yenye klasi za published na updated pamoja. Makala ikihaririwa baadaye, wakati wa updated uliwekwa peke yake na kufichwa kwa CSS, kwa hiyo tabia ya kuficha ilibaki. Twenty Sixteen iliweka hfeed kwenye kurasa za orodha tu, jambo la busara, maana ukurasa wa makala moja si mlisho wa makala, ni ingizo lenye majibu. Kuhusu maoni hakuna aliyelalamika, kwa kuwa ripoti ilikagua vilivyopewa jina la hentry, na maoni hayakuwa na jina.

Ukurasa ule ukitengenezwa upya

Kizazi cha pili cha maikrofomati, kilichoanza kubuniwa mwaka 2010, ndicho kilichokata fundo. Mizizi yote inaanza na h-, na sifa zinaanza na p-, u-, dt- au e-. Sifa ni mali ya mzizi wa h- ulio karibu zaidi juu yake, na haivuki. Mzizi ukiwa ndani ya mzizi mwingine, mambo mawili yanawezekana. Ukiwa pia na jina la sifa, unakuwa thamani ya sifa hiyo kwa mzazi. Usipokuwa nalo, unawekwa kwenye orodha ya watoto: uko ndani, lakini haujasema una uhusiano gani.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoipenda. h-feed iliyowekwa ndani ya h-entry bila jina la sifa inafaa kwa orodha iliyo pale tu, tuseme habari nyingine za bandarini. Maoni yanahitaji zaidi ya hapo. Yanahitaji u-comment, neno linalosema kwamba haya ni majibu ya hili.

Kichanganuzi cha kizazi cha pili kinaelewa klasi za zamani pia, kwa hiyo kinaweza kuisoma Twenty Eleven kama ilivyo. Kinatoa h-feed yenye watoto: h-entry moja ya makala, kisha mfuatano wa h-card (kadi za majina) za waliotoa maoni. Majina yao yote yapo, na hakuna hata neno moja walilosema.

Kuirekebisha hakuhitaji kubomoa themu. Inatosha nakala inayorithi kutoka kwake, na mpangilio wa kazi una maana. Kwenye ukurasa wa makala moja, hfeed ya #page iondoke. h-entry iwekwe kwenye #content, kwa kuwa hicho ndicho kisanduku kinachozunguka makala na maoni kwa pamoja. Mara tu hilo likifanyika, hentry inayobandikwa na post_class lazima iondolewe kwa kichujio chake (njia ya WordPress ya kubadili matokeo ya kazi bila kuigusa), la sivyo kichanganuzi kitakuta ingizo la zamani ndani ya ingizo jipya na kuhesabu makala ileile mara mbili. Ndani ya h-entry klasi za zamani hazihesabiwi tena kuwa sifa zake, kwa hiyo kichwa kipewe p-name, mwili e-content, kiungo u-url na wakati dt-published.

Kwenye maoni pana mtego unaoonyesha jinsi umiliki unavyofanya kazi. Rudi uangalie div yenye comment-author vcard. Ndani yake hamna jina tu, mna na time ya maoni. Ukiigeuza div hiyo kuwa p-author h-card, tarehe itakuwa mali ya mtu badala ya maoni, kwa sababu h-card ndiyo mzizi wa karibu. h-card inapaswa kushuka kwenye span yenye fn, imzunguke mtu peke yake, na vcard iondolewe kwenye div, ili tarehe ibaki huru kupanda hadi kwa maoni.

Swali la mwisho ni mahali pa kuweka u-comment h-cite (h-cite ni mzizi wa kitu kilichonukuliwa). Jibu linalokuja kwanza ni article ya maoni, na linaharibu mazungumzo, kwa kuwa article hiyo imefungwa kabla ya children. li ndiyo inayobeba vyote viwili, maoni na majibu yake, na WordPress ina kichujio cha comment_class kinachoongeza klasi kwenye li bila kugusa kiolezo. Matokeo yanakuwa hivi:

<div id="content" class="h-entry" lang="sw">
 <h1 class="p-name">Boti ya Mafia yabadili ratiba</h1>
 <a class="u-url" href="/boti-ya-mafia/"><time class="dt-published" datetime="2011-08-15T09:00:00+03:00">15 Agosti 2011, saa 3 asubuhi</time></a>
 <a class="p-author h-card" href="/">Dawati la habari</a>
 <div class="e-content">…</div>
 <ol>
  <li class="u-comment h-cite">
   <span class="p-author h-card">Msomaji wa kwanza</span>
   <time class="dt-published" datetime="2011-08-15T11:20:00+03:00">saa 5:20 asubuhi</time>
   <div class="p-content">…</div>
   <ul>
    <li class="u-comment h-cite">…</li>
   </ul>
  </li>
 </ol>
</div>

Jina la mwandishi linaonekana. Maoni ya msomaji wa kwanza ni comment ya makala. Jibu alilopewa ni comment ya maoni yake, si ya makala, kwa sababu li ya juu ndiyo mzizi wa karibu. Mwili wa makala umebaki na maneno ya mwandishi peke yake, na msomaji anayefungua ukurasa huo kwenye simu haoni tofauti yoyote, isipokuwa kwamba sasa anaona jina la mwandishi na saa.